Mteja Aliyetangulia

Giza lilikuwa linaanza kuingia na manyunyu yanadondoka pale Duyen alipopanga vibao vya kukalia sebuleni. Sebule hiyo ndiyo duka lake. Jiko liko mlangoni, sufuria ya uji wa mchele na nyama ya bata inatokota, na nyuma ya pazia ndipo anapolala yeye na bintiye Khue.

Na pale mjini Nam Dinh kila mwenye biashara anajua: mteja wa kwanza ndiye anayekufungulia. Akiwa na nyota nzuri, sufuria inakwisha. Akiwa na mkosi, uji unaumwaga mtaroni.

Aliyefika wa kwanza jioni ile ni Thoa, jirani wa mwisho wa kichochoro, ameshika bakuli la bati. Kichwani ana kitambaa cheupe cha msiba. Udongo wa kaburi la mumewe ulikuwa haujakauka.

"Dada Duyen, nitilie uji. Bao ana homa, kila kitu anatapika. Anautaka wa kwako."

"Ngoja, mdogo wangu. Sijafunguliwa."

"Mtoto ana njaa, dada."

"Na mimi sina mtoto? Unifungulie wewe, na kitambaa hicho? Kaa huko nje. Akishanunua mwingine, nitakupa."

Thoa akasimama nje. Mvua ikakolea, hakuja mtu. Duyen alimwona akitetemeka. Mwiko anao mkononi, uji tele mbele yake, na hakumwita. Tena akawasha kipande cha gazeti, akakizungusha mlangoni kuchoma mkosi, mwenzake anamtazama. Jamani, roho gani ile!

Thoa akaondoka. Akakata njia ya kando ya bwawa, aende kwa muuza uji wa ng'ambo.

Asubuhi walimkuta majini. Bakuli bado liko mkononi, tupu.

Walipokwisha kumzika, Duyen akawasha jiko tena. Jua likazama. Quyet, fundi baiskeli, akaja kama kawaida yake, akasita mlangoni.

"Ingia, kaka, unifungulie."

"Mpe huyu kwanza. Amenitangulia."

"Nani?"

Quyet akageuka. Kibarazani hapakuwa na mtu. Akajipapasa bega, shati limelowa. Akaondoka hata uji hakununua.

Akaja Bibi Lieu, muuza tiketi za bahati nasibu. "Wee Duyen, siku hizi watu huwaoni? Mhudumie mwenzio, analowa!"

Mvua haikuwa inanyesha.

Tone... tone... Maji yalikuwa yanadondoka kizingitini. Harufu ya matope ya bwawa ikaingia, ikaimeza harufu ya uji.

Ikawa hivyo kila jioni. Wanafika, wanampisha mtu, wanaondoka. Duyen alimwaga uji mpaka Khue akauliza watakula nini kesho. Alikuwa anajua anayesimama pale ni nani. Alijua tangu lile shati la Quyet, ila jina hakulitaja.

Mwishowe akajaza bakuli, akaliweka kizingitini. "Thoa," akanong'ona. "Chukua, mdogo wangu."

Bakuli halikuguswa. Uji ukapoa.

Ndipo alipokumbuka uji ule ulikuwa wa nani.

Akachota mwingine wa moto, akaubeba hadi kwa mama mkwe wa Thoa. Bao alikuwa amelala mkekani, mifupa mitupu.

"Hatii kitu mdomoni," bibi akasema. "Anasema mama yake ameufuata uji, anamsubiri. Nitamzika na huyu."

Duyen akapiga magoti, akampelekea kijiko. Bao hakufumbua mdomo. Alikuwa anatazama juu ya bega la Duyen.

"Mama anauliza..."

Tone... tone... nyuma yake.

"Anauliza nini, mwanangu?"

"Anauliza, bado ana mkosi?"

Hakuthubutu kugeuka. "Hana," akasema, machozi yanamtoka. "Hakuwa nao hata siku ile. Mkosi nilikuwa mimi. Nilimwona analowa, na uji ninao. Mwambie anisamehe."

Bao akasikiliza. Kisha akafumbua mdomo, akala.

"Amesemaje?" Duyen akanong'ona.

Mtoto akameza, akaomba kijiko kingine. Bibi akachukua tambara, akafuta maji sakafuni bila kuuliza yametoka wapi.

Siku hizi bakuli la kwanza ni la Bao, kabla jiko halijasogezwa mlangoni. Bao ameanza kunenepa. Wateja wamerudi, sufuria inakwisha mapema.

Ila wakifika mlangoni bado husita, husogea kando, humpisha mtu. Na Duyen, mpaka leo, hajathubutu kuwauliza mtu huyo huwa anatoka... au anaingia.