Senti Kumi Nyeusi

Adhana ya magharibi ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha Fridah Mueni alipopanda ngazi za nyumba ya mnada, katika mji wa kale wa Jeddah, kibao cha namba mkononi na hasira kifuani.

Alikuwa amekuja kununua stempu moja.

Ilikuwa ya Marekani, ya mwaka 1847, senti kumi, nyeusi, yenye uso wa Washington. Stempu za enzi hizo hazikuwa na meno pembeni. Zilikatwa kwa mkasi, na nyingi zilikatwa ovyo hadi mkasi ukala picha. Hii ilikuwa na kingo zote nne, nzima. Kwa kingo nne, wakusanyaji wa stempu huwa tayari kutoana macho.

Aliyeitaka ni Baba Mansour, mzee wa mtaa wa Al-Suwaidi kule Riyadh. Fridah alikwenda kwake miaka sita nyuma, kupika na kufua. Kisukari kilipolitwaa jicho moja la mzee na kulififisha la pili, akamfundisha Fridah kushika stempu kwa kibano, kuzikagua kwa lenzi na kuzipanga katika albamu ya baba yake aliyoirithi. Kurasa zote zilikuwa zimejaa. Ila mmoja, uliokuwa na nafasi tupu, ndogo kama ukucha wa gumba.

"Nafasi hii ikijaa, Farida," mzee alikuwa akimwambia, "siku hiyo hiyo nakupa huruji. Unarudi kwenu, halas."

Na bila ruhusa hiyo ya kutoka nchini, itolewayo na kafili, yaani mwajiri, Fridah hakuwa na pa kwenda. Mkataba wake ulikwisha zamani. Mama yake aliugua huko Kitui, akafa, akazikwa, na Fridah akayatazama mazishi kwenye simu, amesimama jikoni, sufuria ya wali ikiungua nyuma yake. Binti yake, Maryann, alikuwa ameanza kumwita shangazi.

Katika miaka mitatu, mara tatu stempu ya namna hiyo ilitokea mnadani. Mara tatu Fridah aliipigania kwa kompyuta, na mara tatu mnunuzi mmoja asiyejulikana, anayenunua kwa simu, alimpiku dakika ya mwisho. Usiku ule wa tatu Fridah alienda bafuni, akafungulia maji, akalia mpaka sauti ikakauka.

Safari hii alikataa kubaki Riyadh. "Baba, naenda mwenyewe."

"Hakuna haja."

"Naenda."

Mzee akaifunga albamu. Kisha akamtajia bei ya mwisho ambayo hakutakiwa kuivuka.

Ukumbini hapakuwa na watu wengi. Fridah aliketi safu ya nyuma, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Kule mbele kulikuwa na karani mwenye simu sikioni. Fridah akamtazama yule karani kama mtu anavyomtazama nyoka.

Stempu ikatajwa. Akanyanyua kibao.

Karani wa simu naye akanyanyua mkono.

Fridah tena. Simu tena. Fridah. Simu. Bei ikapanda, ikapanda, ikagota pale pale alipoambiwa asivuke. Karani akanyanyua mkono bila hata kufikiri.

Fridah akakishusha kibao. Yale yale. Yatakuwa yale yale mpaka nife.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia.

Udongo uliolowa mvua... na gundi, ile gundi ya stempu iliyolambwa. Jeddah haikuwa imeona mvua kwa miezi.

"Mueni wa Syombua," sauti ikanong'ona.

Syombua ni nyanya yake, marehemu. Waliomwita Fridah hivyo walikuwa watu wa boma la kwao Kitui tu, na wengi wao wamekwisha kuzikwa.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti. Kucha zake zilikuwa nyeusi, kama zilizochovywa wino. Hakugeuza uso.

"Unanijua?" Fridah akauliza.

"Nyanyua kibao."

"Nimefika mwisho niliopewa."

"Nyanyua, mwanangu. Ile simu haitasema tena."

Kiswahili chake kilikuwa cha kwao kabisa, cha Kitui. Fridah akanyanyua.

Kule mbele karani akakunja uso. "Alo?... Alo?" Akaitikisa simu. "Alo?"

Nyundo ikagonga meza.

Imeuzwa. Kwake!

Aligeuka amshukuru yule mtu. Kiti kilikuwa na mkoba wake tu, vile vile alivyouweka.

Mezani, wakati wa kukabidhiwa, karani wa simu alikuwa bado analalamika. Fridah alimuuliza kuhusu mtu aliyekaa naye.

"Mafi," karani akajibu. "Hukukaa na mtu. Nilikuwa nakuangalia wewe tu, mshindani wa mteja wangu."

Kisha Fridah akaiona ile karatasi mbele yake, yenye namba ya mteja wa simu. Aliisoma mara mbili. Hakuhitaji kuisoma mara ya tatu, maana ni namba iliyokuwa ikimwita jikoni kila alasiri kupeleka chai.

Ilikuwa simu ya Baba Mansour.

Alimpigia akiwa bado kwenye ngazi. "Ni wewe! Miaka yote hii, baba, ni wewe uliyekuwa unanishinda!"

"Umeipata?" mzee akanong'ona. "Farida... nani alikwambia uvuke?"

Kesho yake jioni Laban Odhiambo, dereva wa nyumba ile, Mkenya mwenzake, alimpokea uwanja wa ndege wa Riyadh na kumpeleka Al-Suwaidi. Majlisi, sebule ya wageni, ilikuwa na taa zote zinawaka. Mzee alikaa katikati ya zulia, albamu wazi mbele yake.

"Baba yangu aliujaza ukurasa kama huu," alisema bila salamu. "Akafa kabla ya isha. Kaka yangu akarithi, akajaza wa kwake. Tulimkuta asubuhi. Mimi nikaacha nafasi moja. Lakini yupo anayekuja, Farida. Kila jioni. Ananiuliza, umeitafuta? Nikisema sikuitafuta, ananikaba. Nikisema nimemtuma mtu akashindwa, anaondoka."

"Kwa hiyo ukanituma nishindwe."

"Ilibidi ujitahidi kweli. Yeye anajua mtu anapojitahidi kweli." Machozi yalikuwa yanamteremka ndevuni. "Ndiyo maana nikakuahidi huruji."

Fridah alitamani kupiga kelele. Miaka mitatu. Kaburi la mama yake ambalo hajaliona. Mtoto anayemwita shangazi. Vyote hivyo vilikuwa chambo tu.

"Ichukue," mzee akasihi. "Nenda nayo mbali, kwenu. Isikae chini ya paa hili."

"Huruji kwanza."

Mzee alishika simu, akaisogeza karibu na jicho lake lililobaki. Akapapasa kwa kidole, akabonyeza. Baada ya muda simu ya Fridah ikalia. Akausoma ujumbe mpaka chini. Ilikuwa kweli. Alikuwa huru.

Akaitoa ile bahasha ya stempu mkobani.

Akaiweka juu ya sinia ya kahawa, mbele ya mzee.

"Mzigo wako, baba. Mimi nimebeba vya kutosha."

"Farida! Usiniachie! Yalla, ichukue, nakuomba..."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuna aliyepita ubavuni mwake. Mlango ulikuwa mmoja tu, na yeye ndiye aliyesimama hapo. Lakini nyuma yake, ndani ya majlisi, ilipanda harufu ya udongo uliolowa.

"Hodi," sauti ikasema, kwa Kiswahili.

Fridah hakugeuka. Alitembea mpaka kwenye gari, akamwambia Laban aendeshe, na hakusema neno mpaka walipofika mtaa wa Batha, kwa rafiki yake Priscah, alikolala hadi siku ya ndege.

Mzee alikutwa amekufa jioni ile ile. Moyo, alisema daktari. Watoto wake walisema alikuwa na miaka themanini na miwili, na hawakuuliza zaidi. Fridah aliambiwa hayo akiwa tayari Kitui. Alikuwa ameokoa maisha yake. Alikuwa pia amemwacha mzee nusu kipofu peke yake na kitu alichokisikia kwa masikio yake mwenyewe. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na usiku hakujua aanze kulifikiria lipi.

Miezi miwili ikapita. Maryann alikuwa ameanza kumwita mama. Jioni moja, wakimenya njugu barazani, Laban akapiga simu kutoka Riyadh.

"Wameuza ile albamu," alisema. "Ukurasa ulikuwa umejaa, unajua? Sijui mzee aliibandika saa ngapi, na macho yale. Alikuja mtu kuinunua, mtu wa kwenu huko, suti ya kijivu. Amekusifu sana, Fridah. Anasema ulimfanyia kazi nzuri."

Fridah akasimama. Njugu zikamwagika. "Laban. Umemwambia nini?"

"Aliuliza tu kwenu ni wapi. Nilidhani ni mjomba wako. Nikamwelekeza."