Siku Achille Alipomwita Mchumba Wake Sekretere

Watu wa Uvira, mutege sikio kidogo, hata ninyi wa mtaa wa Rugenge munaojifanya hamuna nafasi.

Katika kabine moja ya maavoka, yaani ofisi ya mawakili, hapa mjini, Gloriose na Achille, wote wawili maavoka, walitumia meza moja. Saa sita walikula bugali na ndagala kwenye sahani moja, wakibishana sheria mpaka chakula kinapoa. Posa ilishakubaliwa, ikabaki mahari. Sisi majirani tulikuwa tumeshachagua hata nguo za arusi.

Kisha akaja Papa Ngongo, mfanyabiashara wa Kamanyola, aliyekuwa karibu kunyang'anywa kiwanja. Mkuu wa kabine, Maître Donatien, akampa Gloriose kesi aiandike, akamwahidi kwamba safari hii ataitetea mwenyewe mbele ya jaji. Tangu aapishwe, Gloriose aliandika tu, wengine wakasema. Sababu? Ni mtoto wa Mulenge, wa kabila la milimani ambalo wengine hapa huliita la wageni, na Maître alidai eti wateja wanaogopa ile pua. Nikauliza kama pua ndiyo inayosoma sheria.

Siku ya kwenda tribinali, mahakamani, Papa Ngongo alimkuta Gloriose amesimama, joho la uavoka mkononi. Akamtazama juu mpaka chini.

"Na huyu ni nani?"

Maître Donatien akamgeukia Achille. Achille akalivuta faili kwake.

"Ni sekretere wetu, karani tu. Kesi yako iko kwangu, Papa."

Gloriose akakunja joho lake, akatoka.

Musitarajie kwamba Mungu alimfunga Achille ulimi. Alisema vizuri, akashinda, tena kwa maneno ya Gloriose. Ndiyo maana hasira yangu haipoi.

Jioni akamfuata kwao, akiongea chini chini: aliogopa kufukuzwa, moyo wake haujabadilika, wajomba zake wa kupeleka mahari wasijue. Gloriose akamwacha amalize.

"Weye ulinikana mbele ya watu. Kesho uende mbele ya wale wale, useme minye ni nani. Kisha ulete wajomba zako na mahari."

Mpaka leo Achille iko anafikiri. Gloriose anatetea kesi kwenye kabine nyingine, na ng'ombe wa mahari wanazidi kunenepa kwa baba yake Achille.

Funzo

Ubaguzi kazini haushikiliwi na mkubwa mmoja mbaya. Unashikiliwa na sisi wapole, tunaopenda watu faraghani na kuwakana mbele ya mteja. Ukimpenda mwenzako, mtaje kwa jina na kazi yake siku ambayo kumtaja kutakuponza. Siku nyingine zote, hata mwoga anaweza.