Fundo Lisilo na Mkono

Wewe uliyekaa mlangoni, sogea ndani, usiupe mlango mgongo. Habari hii ilianza hivyo hivyo, kwa kitu kilichokuwa nyuma ya watu na hakuna aliyegeuka kukitazama.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, watoto thelathini wa darasa la tatu wamejipanga mstari, kila mmoja ameshika fundo lake. Mwalimu wao walimwita Mwalimu Mikono, maana kwake hakuna kilichofundishwa kwa mdomo mtupu. Kuhesabu walihesabu vifuniko vya soda. Mimea waliotesha maharagwe kwenye pamba, dirishani, wakigombana ya nani yamechomoza kwanza. Na kutembea pamoja walifundishwa kwa kamba ya katani, nene kama kidole gumba. Kila mtoto alifunga fundo lake mwenyewe, akalijua kama anavyojua kiatu chake, na wakitoka, iwe ni kwenda bustanini au kambini, alilishika mpaka mwisho. Kabla hawajaondoka mwalimu aliuliza, "Kila fundo lina mkono?" nao wakajibu kwa kuimba, "Linao."

Jumatatu ile aliuliza, wakanyamaza.

"Moja halina, mwalimu," akasema kale katoto ka mwisho, kenye pengo la meno mawili.

Mwalimu akacheka, akauliza ni mtundu gani aliyejifungia mawili. Akatembea mpaka mkiani. Kweli, nyuma ya kale katoto palikuwa na fundo la thelathini na moja, limeloa, linanuka tope la chini kabisa ya maji, lile tope ambalo jua halijawahi kuliona. Lilikuwa limezungushwa mara mbili kwa mkono wa kushoto, na katika miaka yake yote ya kufundisha alimjua mtoto mmoja tu aliyefunga hivyo. Alilifungua. Watoto walimwona akifuta vidole kwenye suruali njia nzima mpaka getini, kama mtu aliyeshika kitu kilichooza.

Sasa mumjue huyo mtoto. Alikuwa msichana, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na wenziwe, kwa ulimi wa kitoto usio na huruma, wakambatiza Konokono. Alilelewa na bibi yake, mpishi wa shule. Mwaka uliotangulia darasa lilikwenda kambi ya siku tatu kule kwenye msitu wa kijito, na Konokono hakurudi. Walimpata siku ya tatu kwenye matete, amelala kifudifudi.

Mwalimu Mikono alisema mtoto alikuwa mkaidi, aliiachia kamba, na kwamba jini wa kijito alimwita kwa jina akamfuata. Watu wakaamini upesi. Kijito kile kilikuwa na jina baya tangu zamani, na mwenye jina baya hata akilala ataambiwa kaiba. Wakaenda kwa hasira wakakata miti yote ya ukingoni, wakamwaga taka na mafuta machafu ya gari, wakatupa mbwa aliyekufa. Jini akatulia tu. Mpishi naye akatulia. Walimshauri aache kazi pale, apumzishe moyo, akakataa. Alisema anataka awe karibu na mdomo uliosema mjukuu wake ni mkaidi, ili siku utakaposema tena asikie yeye wa kwanza.

Basi Jumanne fundo likarudi. Mwalimu akalifungua. Jioni akaikunja kamba, akaifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Jumatano akafungua kabati, fundo lipo, na chini ya kamba pana kidimbwi cha maji meusi chenye jani moja la tete.

Siku hiyo hiyo walikuwa na somo la ufinyanzi. Watoto wamekaa sakafuni, kila mmoja na bonge lake la udongo, wanafinyanga wanyama. Huyu tembo asiye na mkonga, yule kuku mwenye miguu minne, vicheko tele. Kisha vicheko vikaisha, si kwa kunyamazishwa, viliisha tu kama taa inavyoishiwa mafuta. Mwalimu akainua kichwa akaona mikono sitini inakwenda sawasawa, inaviringisha udongo kuwa kamba ndefu, inafunga fundo, inaviringisha, inafunga, na nyuso za watoto zimegeukia dirishani, hawaitazami kabisa mikono yao. Kila mmoja alifunga mafundo thelathini na moja. La mwisho, kila mmoja alilizungusha mara mbili, kwa mkono wa kushoto.

Mwalimu akaenda kwa mwalimu mkuu, akanong'ona kwamba kambi ya mwaka huu iahirishwe, yeye hajisikii vizuri. Mwalimu mkuu akamwambia wazazi wameshafungasha, lori limeshapatikana, na jini gani anayejua ratiba ya shule. Ijumaa wakaondoka. Alikuwamo mpishi na masufuria yake, na alikuwamo mkunga mstaafu, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya wazazi wa shule ile, amekuja kuangalia vidonda na homa za watoto.

Siku ya kwanza ilipita salama. Watoto walipigilia vigingi vya hema, wakajifunza kutafuta mashariki kwa kivuli cha kijiti, wakapaka majani rangi na kuyagandamiza kwenye karatasi. Mwalimu hakula. Alishinda akihesabu watoto, akimaliza anaanza tena, mpaka mkunga akamtania kwamba wasichana wa kuolewa hawahesabiwi mahari kwa bidii hiyo.

Jumamosi alasiri, baada ya matembezi, mawingu yakashuka. Njia ya juu ilikuwa imekatika, ikabaki moja tu ya kurudia siku hiyo, ile inayopita kwenye jiwe kubwa bapa, kando ya kijito. Mwalimu alitangulia, ncha ya kamba ameizungusha kiganjani, watoto katikati, mpishi na mkunga wanafuata pembeni na kuni zao. Walipolikaribia jiwe kamba ikawa nzito. Kwanza uzito mdogo, kama wa mtoto aliyechoka anayetaka kuvutwa, na kale katoto ka mwisho kakaanza kulia pole pole bila kugeuka, kakasema kuna mtu nyuma yake anatembea vibaya. Na kweli wote wakasikia, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuzwa kwenye majani, unakanyaga, unaburuzwa, na harufu ya tope ikapanda ikawafunika pua, na mwalimu akavuta kwa nguvu akisema twendeni, twendeni, msigeuke, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na kamba haikusogea hata unyayo, kwa sababu aliyeshika fundo la mwisho alikuwa amefika kwenye jiwe na ameketi.

"Achieni kamba, wajukuu zangu," mkunga akasema taratibu. "Njooni kwangu mmoja mmoja."

Wakaja. Mwalimu naye akataka kuiachia, vidole vikagoma.

Mkunga akachukua kutoka kwenye mkoba wake kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Akapiga goti, akakiweka juu ya fundo lile lililoloa, akatia sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Uso wake ukabadilika.

"Humu kuna wawili," akasema. "Mmoja mkubwa, ana hasira. Mwingine mtoto. Mtoto anahesabu. Anafika mia, anarudi moja."

Mpishi akaweka kuni chini.

"Mkubwa anasema nini?" akauliza.

"Anasema sikumwita. Anasema nina wanangu, wa kwenu wa nini. Mmenikatia vivuli, mmenimwagia uchafu, mmenitupia mzoga, kwa kosa la mtu, na huyo mtu anakula na kulala." Mkunga akamtazama mwalimu. "Mwanangu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Jini kasingiziwa. Sema."

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba alimwambia mtoto akae kwenye jiwe, akaondoka mwenyewe. Kamba ikajizungusha mara moja mkononi mwake, polepole, kama nyoka anayetafuta pa kulala.

"Fundo lake nani alilifungua?" mkunga akauliza.

Kamba ikashika na mkono wa pili.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anatuchelewesha. Mvua ilikuwa inakuja, dereva anapiga honi. Nikasema akae pale, tuzunguke tumpitie. Halafu tukarudi kwa njia ya juu. Ndani ya lori kulikuwa giza chini ya turubai. Nikauliza kila fundo lina mkono. Wakasema linao."

"Na lilikuwa nao," mkunga akasema. "Kila fundo. Vichwa je?"

Mpishi akasogea mpaka akasimama mbele yake. Mama huyu kwa mwaka mzima alikuwa amemwekea chakula kwenye sahani, nyama ya kwanza kila siku, bila neno.

"Mjukuu wangu alisema nini ulipomwacha?"

"Mama, naomba..."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza nitakawia kiasi gani. Nikamwambia ahesabu mpaka mia, nitakuwa nimerudi." Machozi yakamtoka. "Akasema sawa, mwalimu."

Hapo uzito ukaondoka, na fundo lile lililoloa likateleza mpaka kwenye mikono ya mwalimu. Maji ya kijito, yaliyokuwa yamenyamaza tangu wafike, yakaanza tena kutoa sauti. Mkunga akasikiliza mara ya mwisho, akasema mkubwa amekwenda zake, jina lake limesafishwa, lakini kasema hili fundo si lake. Ni la mwenye mtoto. Akilifungua yeye, mwalimu atapata mikono yake, na mambo yatakuwa yameisha.

Mwalimu akapiga magoti kwenye tope, mikono imefungwa mbele kama ya mwizi. "Mama, nisamehe. Lifungue."

Hata mkunga alidhani atafungua, maana mpishi aliinama, akalishika fundo kwa vidole viwili, akalipapasa kama mtu anayepapasa nywele za mtoto kabla ya kumsuka. Kisha akalitia mdomoni, akaikamata ncha kwa meno, na akalikaza. Likalia. Vidole vya mwalimu navyo vikalia, vikaingiana kimoja ndani ya kingine, vikafungana.

Mpishi akatema uzi wa katani.

"Na wewe hesabu, mwalimu," akamwambia. "Ukifika mia, nitakuwa nimerudi."

Akaokota kuni zake, akahesabu vichwa vya watoto kwa kuvigusa kimoja kimoja, thelathini, akawapeleka kambini wakale.

Wazazi walikwenda wakakisafisha kijito, wakapanda miti mingine. Shuleni wakati wa kutoka wanahesabu vichwa. Waganga wamekuja na kuondoka kwa yule mwalimu. Mikono iko vile vile, imefungwa mara mbili, wa kushoto juu. Dada yake humlisha kwa kijiko na kumtoa barazani asubuhi, naye huhesabu. Mpishi hupita pale kila siku akienda sokoni, na wanaoishi jirani wanasema hupita papo hapo mwalimu anapotaja mia. Mwalimu huinua uso.

Mama huyo hapunguzi mwendo. Na akishapita, nyuma yake husikia: moja.