Pumzi ya Namba Tano

Hidaya Semboja alikuwa na dakika ya kumi na tisa uso ukiwa ndani ya beseni la kufulia, na nusu ya Barabara ya Kumi na Mbili ilikuwa imejazana uani kumtazama. Mpira wa bomba ulimimina maji mapya upande mmoja, ya zamani yakamwagika upande wa pili hadi miguuni mwa watu, na hakuna aliyesogea. Ndani ya maji, kando ya kichwa chake, lilizama shavumaji: chombo chenye umbo la kobe, chenye majani mia mbili ya chuma laini, membamba kuliko ganda la kitunguu. Majani yalifunguka na kufumba kama mashavu ya samaki, yakachuja hewa kutoka kwenye maji na kuipeleka kinywani kwa bomba fupi.

"Huyu amekufa," alisema jirani mmoja.

"Aliyekufa anajikuna mguu?" akamjibu Bi Salha, shangazi yake Hidaya na mwenye nyumba. "Tulia utazame. Hutaiona tena bure."

Hidaya alitoa mkono majini, akaunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara, alama ya wazamiaji ya kusema kila kitu kiko sawa. Uani wote wakamjibu kwa dole gumba juu. Mjomba Kibwana peke yake, mume wa Bi Salha, aliyekuwa mlangoni na gurudumu la baiskeli mkononi, alimrudishia duara. Hakuna aliyelitilia maanani.

Ulikuwa mwaka 2091, na Hidaya alikuwa fundi wa kitalu cha matumbawe pale Raskazone, Tanga. Kwa miaka sita alikuwa amekuza vidole vya matumbawe kwenye matangi, wengine wakavichukua na kwenda kuvipanda baharini, yeye akabaki kusafisha vioo. Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Ijumaa baada ya swala angepanda meli ya Makazi, meli ambayo wazamiaji hulala humo, hula humo, na kuzama mara nne kwa siku, siku nane mfululizo, bila kuona nchi kavu. Akiikosa, orodha ingerudi kwake baada ya miaka miwili, kama ingerudi.

Sheria ya shavumaji ilikuwa moja. Siku saba kabla ya safari, chombo kiishi na mwenyewe. Nchi kavu kilivuta hewa ya kawaida, na Hidaya alitakiwa kupumulia humo akipika, akifagia, akigombana, ili ubongo mdogo uliokuwa ndani ya gamba ukijue kifua chake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Huko chini, mita thelathini, ungejua anataka hewa zaidi kabla yeye mwenyewe hajajua. Na akishikwa na hofu akaanza kutweta, ungemtuliza kwa mdundo: pumzi fupi, tena fupi, kisha ndefu inayokawia kidogo kabla ya kutoka. Kijitabu cha kampuni kiliuita mdundo wa utulivu, kikasema ni matunda ya miaka mingi ya utafiti. Ulikuwa umewaokoa wazamiaji wengi waliokwisha kukata tamaa.

Lakini kijitabu hicho hakikuandikwa Ngamiani, mtaa wa kina Hidaya. Nyumba ya Bi Salha ilikuwa na vyumba sita na watu kumi na wanne, bila kuwahesabu waliokuja kuazima kibiriti wakabaki mpaka chakula cha mchana. Humo sufuria ni ya wote, kanga ni ya aliyeamka mapema, na simu ikilia hupokelewa na aliye karibu. Siku ya tatu Hidaya aliingia kuoga. Bi Salha akakitazama chombo, chombo kikamtazama.

"Naonja tu," alisema.

Alipotia uso kwenye beseni pumzi zilimpaa. Kisha mdundo ukaja, na akatoka majini maji yakimchuruzika, anacheka mpaka anajishika mbavu. "Jamani! Kama kuna mtu kifuani mwangu anajizuia kucheka!"

Basi nani angebaki nyuma? Walipanga foleni. Wa mwisho alikuwa Mjomba Kibwana, ambaye hakupanga. Alikuwa anapita zake na mkewe akampachika bomba mdomoni kwa utani. Alishtuka, akavuta mara tatu tu.

"Karibu tena, namba nne," shavumaji likasema.

"Mwongo! Huyu ni wa kumi!" Bi Salha akapiga kofi. "Limesoma shule gani hili?"

Watu walicheka. Kibwana alikiweka chombo chini taratibu, kama anaweka yai, akaenda chumbani bila kula. Na kwa kuwa wote walikula kiapo cha kutosema, Hidaya alipotoka bafuni hakuambiwa kitu.

Aliambiwa na mhandisi. Jumanne adhuhuri picha ya Leokadia Mrope, msimamizi wa vyombo bandarini, ilitokea ukutani sebuleni.

"Dada Hidaya, habari za nyumbani?"

"Njema tu, mhandisi."

"Watu wote wazima? Maana naona una mapafu ya watu kumi na mmoja."

Mtu mmoja akakumbuka ana chungu jikoni.

"Nimelifuta lote," Leokadia aliendelea. "Linaanza upya sasa hivi, na meli inaondoka Ijumaa. Una saa sabini na mbili, kamili, hakuna hata dakika ya ziada. Ikiingia pumzi moja ngeni, moja tu, nafasi yako anachukua mwenzako wa Dar. Si ukali wangu. Chombo kikichanganya kifua chako na cha mtu mwingine, utakaa chini unasubiri hewa ambayo kinadhani huihitaji."

"Nimekuelewa."

"Na namba nne ni nani? Tisa siwajui, ila huyu mmoja chombo kinamjua kuliko kinavyokujua wewe. Kuna namba moja mpaka sita zilizowekwa kiwandani, kabla mimi sijaajiriwa. Hazifutiki."

"Hapa hatuna namba nne. Tuna Bi Salha na genge lake."

Kuanzia hapo nyumba ilitembea kwa vidole. Bi Salha, kwa toba, alijitwika maandalizi. Hidaya aliambiwa achukue mkoba laini tu, kwa kuwa vyumba vya meli havina pa kuweka sanduku, shangazi akashindilia humo achari chupa tatu, tangawizi ya kichefuchefu, visheti vya kulisha meli nzima na shuka la kujifunika "maana hao wenye meli wanapenda baridi kama samaki wa barafu." Hidaya alitoa, shangazi akarudisha. Mwisho walipatana: achari chupa moja.

Alhamisi alasiri, zikiwa zimebaki saa pungufu ya siku moja, Hidaya alikwenda nyuma ya nyumba na shavumaji kifuani. Mjomba Kibwana alikuwa anatafuta tundu la tyubu, akiizamisha kidogo kidogo kwenye karai na kuangalia mapovu.

"Mjomba, nifundishe alama za mikono. Ya kupanda juu ni ipi?"

Aliinua dole gumba bila kuinua kichwa.

"Ndiyo maana hukunijibu kwa dole gumba siku ile ya beseni," Hidaya alisema. "Wote waliniambia nipande. Wewe ulijua. Siku zote unasema ulikuwa mpishi wa meli. Mpishi kajuaje?"

Mapovu yalitoka kwenye tyubu. Kibwana aliweka kidole pale pale, asilipoteze tundu.

"Sikuwa mpishi," alisema. "Kampuni ilichukua vijana sita wa Tanga. Mashine ilikuwa inajua kupumua, ila haijui hofu. Sasa utaifundishaje hofu? Walituteremsha, wakawa wanatupunguzia hewa kidogo, tutwete, yenyewe isikilize. Halafu wanafungua. Kazi ndiyo hiyo. Mimi nilikuwa namba nne. Namba tano alikuwa Chande."

"Chande, mume wa Bi Mwanaidi? Aliyekimbilia Ngazija na mwanamke?"

"Chande hajafika Ngazija. Siku hiyo walipunguza hewa, na muda wa kufungua ulipofika mashine haikufungua. Ilidhani bado anafanya majaribio. Ikawa inampa kidogo kidogo, haitoshi. Unajua Chande kabla hajacheka alikuwa na tabia moja: anavuta fupi, tena fupi, halafu ndefu inakwama hapa." Aligusa koo lake. "Akawa anajituliza hivyo hivyo. Dakika kumi na moja. Mimi niko juu na kamba, namsikia kwenye spika. Tulipomtoa alikuwa amekwisha. Mwili wakasema unapelekwa kuchunguzwa, haukurudi. Sisi watano tukawekewa karatasi ya kufunga mdomo, tukatia dole."

Hidaya aliweka mkono juu ya gamba lililokuwa kifuani mwake. Majani yalikuwa yanafunguka na kufumba.

"Kwa hiyo huu mdundo wa utulivu..."

"Ni yeye. Nilipousikia kinywani mwangu nilijua."

Nyuma yao kikombe kiligonga sahani. Bi Salha alikuwa amesimama na kahawa ya mumewe, na haikujulikana tangu lini.

"Kibwana! Miaka thelathini na moja nalala na wewe!"

"Ningekwambia wewe, Salha, ningekuwa nimeutangazia mtaa."

Bi Salha aliiweka kahawa chini. Habari ya Ngazija ilikuwa kazi yake. Sokoni alisikia tu kwamba Chande hajaonekana. Mwanamke aliongeza yeye, kwa utamu, na kisiwa akakiongeza kesho yake. Na Bi Mwanaidi, nyumba nne kutoka pale, alikaa miaka yote hiyo mwisho wa mkeka kwenye kila harusi, mwanamke aliyeachwa bila talaka. Hakuolewa tena. Hakukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa ni mjane.

"Twende tukamwambie," alisema Bi Salha kwa sauti ndogo.

"Atuamini kwa lipi?" Hidaya aliuliza. "Maneno ya nyumba hii ameshayasikia."

Wote watatu walitazama shavumaji. Kibwana ndiye aliyetikisa kichwa kwanza. "Hapana, mwanangu. Nenda safari yako. Ukirudi."

"Halirudi, mjomba. Vyombo vinabaki melini, vinakwenda na wazamiaji wengine."

Saa ya chombo ilionyesha zimebaki saa ishirini na mbili. Hidaya aliwaza kile kitalu chake, vidole vya matumbawe alivyovilea tangu vikiwa kama punje za mchele, ambavyo vingepandwa na mtu wa Dar. Kisha akashika njia, na wale wawili wakamfuata.

Bi Mwanaidi alikuwa barazani anachambua mchicha. Alimsikiliza Kibwana mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Nyumba yenu haikosi hadithi," alisema. "Ya mwanzo ilikuwa na mwanamke. Hii ina mashine. Mwaka kesho mtaniletea nini?" Pumzi zilikuwa zimeanza kumpanda kwa hasira. "Tokeni kwangu."

Hidaya alivua bomba, akalifuta kwa upindo wa kanga, akamnyooshea. "Pumua humu, mama. Mara chache tu. Ukiona uongo, tutupie karai."

Labda ni hasira iliyomfanya alipokee. Alilibana midomoni, kifua kinapanda na kushuka upesi, na shavumaji, lililofundishwa kutambua kifua kilichovurugika, likamjibu. Fupi. Tena fupi. Kisha ndefu, ikakwama kidogo kooni.

Mkono wenye mchicha ulisimama hewani.

Alikaa hivyo, macho yamefumba, dakika baada ya dakika. Mtu alipita barabarani akasalimu, hakuitikiwa. Hatimaye Bi Mwanaidi alitoa bomba, akalishika kwa mikono miwili.

"Anataka kucheka," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa. Unamwona kabla hajacheka, ushaanza kucheka wewe." Alilirudisha bomba kwa Hidaya. "Basi nitakaa eda."

"Sheikh atasema ilishapita zamani," alisema Kibwana.

"Ya sheria imepita. Hii ni yangu."

Bi Salha alikaa chini kwenye mkeka, akausogeza ungo upande wake, akaanza kuchambua mchicha uliobaki.

Simu ya Hidaya iliita kabla hawajaondoka barazani.

"Dada Hidaya!" Leokadia alikuwa karibu kulia. "Pumzi ngeni, dakika sita nzima! Ulikuwa umeshakaribia! Nimeshakuandikia kitanda namba saba, cha dirishani! Ni nani safari hii?"

"Mke wa namba tano."

Hidaya aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Namba tano ana mke?" Leokadia aliuliza. "Sisi hapa... sisi tulidhani namba tano, ule mdundo wa utulivu, ni jina la mpangilio tu. Kama unavyosema sehemu ya tano."

"Anaitwa Chande Mbwana, wa Barabara ya Kumi na Mbili. Kile kijitabu chenu, pale mlipoandika utafiti wa miaka mingi, muandike jina lake. Nafasi yangu mpe huyo wa Dar, na umwambie vidole vya tangi la nne havipendi mwanga mkali."

Upande wa pili kilisikika kiti kinavutwa.

"Sema taratibu," alisema Leokadia. "Naandika."