Makangaga ya Lusweti

Kila asubuhi Nanzala alifagia uwanja wa nyumba yake huko Langas, Eldoret, mpaka ardhi ikabaki wazi. Kisha alisimama kando ya ukuta, akatazama makangaga yake matatu. Kangaga halitoi maua. Majani yake huchipuka yakiwa yamejikunja kama mkia wa kinyonga.

Mumewe, marehemu Lusweti, ndiye aliyeyapanda. Nanzala aliyatunza kwa njia aliyoijua, ile ya mahindi. Aliyainulia udongo shinani kwa jembe, akatia mbolea ya dukani. Kufikia Januari, majani yote yalikuwa yamekauka.

Siku moja aliamua kuyang'oa. Jirani yake Jerop, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miche kule Kaptagat, akamwona.

"Hilo jembe ni la nini?"

"Nang'oa, Mama. Kitu kimoja tu aliniachia nitunze. Nimekiua."

"Nani amekuambia kimekufa? Ngoja."

Jerop alichuchumaa, akaanza kuondoa udongo kwa vidole, polepole, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Hakukata hata mzizi mmoja. Nanzala alisahau jembe, akabaki kuitazama mikono ile.

"Hapa ulitarajia kuvuna magunia mangapi?" Jerop akauliza.

Nanzala akacheka. Hakuwa amecheka siku nyingi.

"Moyo wa kangaga uko hapa juu, majani yanapochipukia," Jerop akasema. "Ukiufukia, unaoza. Na mbolea ya dukani ikizidi, inachoma mizizi. Majani hukauka, lakini shina huweza kubaki hai. Bonyeza."

Nanzala akabonyeza. Shina la kwanza lilikuwa laini, limeoza. Mawili yalikuwa magumu.

Waliyahamishia nyuma ya jikoni, penye kivuli na jua la asubuhi tu. Waliacha moyo wa kila kangaga juu ya udongo, wakachanganya udongo na samadi kidogo iliyooza vizuri, wakatandaza majani makavu.

"Haya unayoyafagia ndiyo blanketi lao," Jerop akasema. "Udongo uwe na unyevu, lakini maji yasituame."

Nanzala alimwagilia kila asubuhi. Mvua za Aprili zilipoanza, aliona vichipukizi vimejikunja, vyenye manyoya ya kahawia. Akamwita Jerop.

"Vitano," Jerop akahesabu. "Yakijaa, utagawanya shina moja, unipe."

"Nitakupa, Mama. Lakini usije ukaliinulia udongo."

Walichuchumaa pale wakicheka na kutazama, mpaka chai ikafurika jikoni.