Seva Iliyomngoja Pisila

“Kuhusu Hitilafu ya Hapa na Pale katika Kuwaka kwa Seva Kufuatia Kubadilishwa kwa Mfumo Endeshi.” Hicho ndicho kichwa cha jalada, na niliyekitunga ni mimi, karani wa masjala katika kituo chetu cha kupokea habari za bahari, hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vya Tonga. Maana yake ni kwamba asubuhi nyingine mashine ilikuwa inaamka, asubuhi nyingine haiamki. Wizara ilitutaka tuambatishe picha ya hitilafu. Tukapiga picha ya kioo cheusi. Wakajibu kwamba haionekani vizuri.

Kazi yetu huanza hivi: tunaviita visiwa kwa redio, kimoja kimoja, na kila mwangalizi anajibu. Cha mwisho kikishajibu, tunasali, ndipo siku inaanza. Na kuna kanuni: mwangalizi akituma habari, asiondoke mezani mpaka makao makuu, yaani sisi, yamjibu. Iliandikwa kwa sababu waangalizi walikuwa na tabia ya kutuma na kwenda zao kuvua.

Msimamizi wa redio ni binamu yangu Losaline. Siku hizo alikuwa bado anavaa mkeka mkubwa wa msiba, ule tunaojifunga kiunoni tukifiwa, uliochakaa, unaomfunika hadi kifuani. Ukoo mzima tulikwishavua yetu. Hakuna aliyemuuliza.

Fundi alikuwa Kelepi, Mtonga aliyelelewa ng'ambo, Auckland. Alibadilisha nyaya, akabadilisha kumbukumbu, akabadilisha kifaa cha umeme. Seva iliamka, kesho yake ikagoma.

“We Kelepi,” Losaline alimwambia, “hiyo mashine unaitengeneza au unaichinja?”

“Naitafuta roho yake, mama.”

“Itafute huku umekula. Huko Auckland walikuwa wanakulisha nini, majani ya chai?”

Kelepi akacheka, akapokea muhogo wake. Asubuhi moja akaniita pembeni.

“Nimeipata, mzee. Fundi wa zamani alikuwa mtu wa kanisa, sivyo?”

“Shemasi.”

“Basi aliifundisha seva desturi yenu. Ikiwashwa, inaita kompyuta ya kila kisiwa, ndipo inaamka. Mfumo wa zamani kisiwa kisipojibu uliruka. Huu mpya hauruki mtu. Unasubiri.” Akanionyesha kioo. “Kinachokwamisha ni kisiwa kimoja tu. Fatumoana. Leo kinajibu, kesho hakijibu. Laini yao mbovu. Mpigie mtu wa huko aangalie waya.”

Nilivua miwani, nikaifuta.

“Mzee?”

“Fatumoana hakuna mtu.”

“Wamehama?”

“Waliobaki, ndiyo. Wimbi lilikipitia. Hakuna nyumba. Hakuna mlingoti wa redio. Hakuna kompyuta.”

Akakigeukia kioo. Akanong'ona.

“Basi swali si kwa nini inagoma.”

“Najua.”

“Swali ni kwa nini inaamka.”

Tulilinganisha asubuhi zilizofaulu na ratiba ya kazi. Zote zilikuwa za zamu ya Losaline. Ofisi nzima ilijua kitu ambacho Kelepi hakukijua: visiwa vyote vikishajibu, Losaline alikuwa anaita kimoja zaidi. “Fatumoana, Fatumoana, mama hapa. Umeamkaje?” Kisha ananyamaza kwa kiasi cha mtu kujibu. Sisi tulikuwa tunatazama viatu vyetu. Mwangalizi wa Fatumoana alikuwa Pisila, mwanawe wa pekee. Bahari haikumrudisha, kwa hiyo hakuna kaburi.

Wiki hiyo kimbunga kilikuwa kinajikusanya kaskazini. Onyo la kwenda visiwani hupitia seva hiyo. Mkurugenzi akasaini: jina la Fatumoana lifutwe. Ni mstari mmoja tu. Kelepi alipoketi aufute, Losaline akasimama mlangoni.

“Ukilifuta, nani atamngoja?”

“Mama, visiwani kuna watoto wa watu. Seva isipoamka…”

“Wangu alikuwa mtoto wa nani?”

Kelepi akaondoa mikono mezani. Losaline akaja taratibu, mkeka ukiburura sakafuni, akaketi kwenye redio.

“Iwashe kwanza,” alisema. “Mara moja tu. Halafu ufute.”

Seva ikawaka. Visiwa vikajibu. Ikafika Fatumoana. Ikasimama, na kioo kikaandika:

Inasubiriwa.

Redio ilikuwa inakoroma. Losaline akashika kipaza sauti. Safari hii hakuuliza umeamkaje.

“Fatumoana, hapa makao makuu.” Ilikuwa sauti yake ya kazini, kavu. “Habari yako tumeipokea. Narudia, tumeipokea.” Akakiinamia kipaza sauti. “Ondoka mezani, mwanangu. Panda juu.”

Redio ikanyamaza. Hata mkoromo haukuwepo.

Seva ina maneno mawili tu ya kuandika mbele ya jina la kisiwa: inasubiriwa, au imejibu. Mbele ya Fatumoana likatokea neno moja.

Ameondoka.

Mashine ikaamka.

Kelepi akafuta mstari. Onyo lilifika kila kisiwa, na kimbunga kilipopita tulihesabu mapaa yaliyong'oka, hatukuhesabu watu. Seva haijagoma tena. Kelepi alilitafuta neno lile katika mfumo mpya, katika ule wa zamani, na katika kila kitu alichowahi kuandika yule shemasi. Halimo popote. Losaline alivua mkeka. Tulimtengea Pisila nafasi kwenye makaburi ya ukoo, tukamwaga mchanga mweupe kama tunavyomfanyia kila marehemu, yeye mwenyewe akapanga juu yake vijiwe vyeusi, ingawa chini hakuna mtu.

Wizarani tulipeleka hivi: “Chanzo: mpangilio wa mfumo. Hali: imetatuliwa.” Wakashukuru, jalada likafungwa.

Kilichotokea siku ya wimbi ni hiki, na waliosimulia ni wale waliowahi kupanda mlimani. Pisila aliona bahari inarudi nyuma. Akawaambia watu wakimbie, akatutumia habari, akakaa mezani kungoja jibu kama kanuni inavyotaka. Mlingoti wetu ulikuwa umeangushwa na tetemeko. Hatukumjibu.