Kubali Vyote

Jumatatu saa saba mchana, kompyuta ya mshonaji ilianza kunuka poda ya mtoto. Alinusa kibodi, akanusa vitambaa, akanusa mpaka viganja vyake. Nyumba ile haikuwa na mtoto.

Mtoto alikuwa tumboni, wa miezi miwili, na hakuna aliyejua. Mimba mbili za kwanza zilimtoka baada ya mtaa mzima kuzipigia vigelegele, basi hii ya tatu aliapa kuificha, hata kwa mumewe, mpaka itulie. Alikosea mara moja tu. Siku moja akiwa peke yake aliingia kwenye tovuti ya majina ya watoto, akaandika jina alilolichagua. Kabla ya hapo lilijitokeza lile bango la kero linalosema tovuti inatumia vidakuzi, kitufe cha Kubali Vyote kikubwa kama sahani, cha Kataa hakionekani. Alibonyeza Kubali. Nani ana muda?

Tangu siku hiyo akifungua mishono ya magauni, anaonyeshwa tangazo la kitanda cha mtoto. Akifungua bei ya nyuzi, kitanda. Akitazama kama kesho kuna mvua, kitanda kilekile, na sasa kinalia nyii, nyii, kama kinabembezwa, ilhali spika ziliungua mwaka jana! Alizima, akawasha, akatukana, akazima tena. Na wifi yake, mwenye mdomo usiojua kufuli, alikuwa akija kila mara kuchagua mishono kwenye kompyuta hiyohiyo.

Akamwita fundi kompyuta, mama mmoja aliyezoeleka mtaani kwa jina la Mama Nyaya. Fundi alinusa, akafunga mlango.

"Dada, umemkaribisha nani humu?" alinong'ona.

"Sijakaribisha mtu!"

"Tovuti ikikupigia hodi, unajibuje?"

"Nabonyeza Kubali. Si kila mtu anabonyeza?"

"Na mlangoni kwako unajibu karibu bila kuuliza nani? Vidakuzi ni alama ambazo tovuti inaziacha humu ili ikutambue ukirudi. Vingine vina kazi, vinakukumbukia ulichotaka kununua. Vingine ni vya watu wa nje, vinakufuata kila tovuti vikikuchunguza. Na hivi vyako vimebeba kitu mgongoni."

Aliingia kwenye mipangilio, akafuta vidakuzi vyote, akavizuia vya watu wa nje. Harufu ikakatika hapohapo.

"Kuanzia leo bonyeza Kataa," akasema. "Ukiikosa, fungua mipangilio yao uchague mwenyewe. Watakuchosha makusudi. Usichoke, maana hiki kinapenda waliochoka."

Zikapita siku nne za amani. Ya tano, mshonaji alikuwa akipiga pasi alipomsikia wifi yake akisonya mbele ya kompyuta.

"Libango gani hili? Nimelikubalia vyote, liniondokee."

Pasi ilimponyoka, na kabla haijagusa sakafu harufu ya poda ilikuwa imejaa chumba kizima, nzito, inakaba koo, na kile kitanda kikaanza kulia, kwanza polepole, halafu haraka, halafu kwa nguvu kana kwamba anayekibembeza amekasirika kwa kufukuzwa, mpaka mikasi ikacheza mezani na wifi mtu akarudi nyuma na kiti chake.

"Wifi," alinong'ona, "mbona hiki kitanda kimeandikwa jina? Jina la nani hili?"

Lilikuwa jina lile. Mshonaji alimsukuma kando, akafuta, akazuia, akafuta tena huku analia kwa hasira, kisha akachomoa waya ukutani. Wifi yake alishatimua mbio. Pakawa kimya.

"Hodi," ikasema sauti ya kitoto.

Safari hii hakukosea. "Nani?"

Ikajitaja, jina lilelile alilolichagua. Mlango ulikuwa wazi na nje hapakuwa na mtu. Kompyuta ilikuwa imezimika. Mikono ya mshonaji ilikuwa imeshika tumbo, palepale sauti ilipotokea.